Roboti Alianguka, Darasa Zima Likasema Pole

Ilikuwa Julai, na Julai ya Mufindi unaijua kama umewahi kulala huku. Ukungu haubanduki kwenye misindano hadi saa nne asubuhi, watoto wanaingia darasani na sweta juu ya sweta, na chaki unaishika kama umeshika kipande cha barafu. Siku hiyo tulikuwa na wageni: vijana watatu wa chuo, waliokuja na Noah iliyojaa mabegi na nyaya. Kidato cha Tatu hawakuwa na habari nao. Kwao mgeni alikuwa yule aliyetolewa kwenye boksi lenye sponji, akasimamishwa sakafuni, akawasha macho ya bluu, akageuza shingo huku na huku kama abiria aliyeshtuka usingizini akikuta basi limeshapita kituo chake.

Kimo chake hakikufika cha mtoto anayejifunza kutembea. Akasema kwa Kiingereza kwamba amefurahi kuwa nasi. Akapiga hatua nne. Ya tano ikamkuta kwenye ufa wa sakafu, ufa ambao mimi nimekuwa nikiuruka kwa miaka sita bila kuufikiria. Ncha ya wayo ikakwama, mwili ukatangulia, mikono ikarushwa mbele, na kishindo cha plastiki kikasikika hadi ofisini.

Darasa zima, watoto hamsini na kitu, kwa sauti moja: "Pole!"

Toroli likipinduka hatuliambii pole. Anayepewa pole ni anayelisukuma. Baiskeli ikitumbukia mtaroni tunampa pole mwenye baiskeli. Wenye mtambo wao walikuwa wamesimama palepale, mmoja uso umemshuka kabisa, na hakuna aliyemtazama. Pole ilikwenda kwa aliyelala kifudifudi.

Saa ya chai mjadala ukahamia ofisini. Mwalimu wa Kiswahili alisema sheria iko wazi: chenye uhai kinachukua "a", kisicho na uhai kinafuata ngeli yake. "Mdoli una macho, una nywele, una gauni, lakini mdoli umevunjika. Hajawahi kuvunjika mdoli." Mwalimu wa Historia akauliza kuhusu jini. Hana mwili, hakuna aliyewahi kumpima, lakini jini amekuja, jini ameondoka. Gari unaliona kwa macho linakuja kukugonga, na bado ni linakuja. Madam wa Biolojia, ambaye huwa hasemi sana, akaweka kikombe chini: "Na maiti je?" Kimya. Maana maiti wapo wanaosema amezikwa, wapo wanaosema imezikwa, na wote wamezika. Chai ikaisha hatujaafikiana. Kwa hiyo katika makala hii nitachanganya, na nachanganya makusudi. Ukikuta "a", ujue ndivyo darasa lilivyokuwa linamwona wakati huo.

Nikiri mapema kwamba mkuu wa shule aliponiambia roboti inakuja, nilijibu vibaya kidogo. Jengo la maabara tunalo. Lilianza enzi za agizo la Rais Kikwete, kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu. Wazazi wakachanga, mawe yakasombwa, mabati yakapigwa. Leo chumba cha fizikia kina meza nzuri za zege, sinki tano zisizojua maji, na amita nne za kupimia umeme, mbili kati ya hizo zinasoma. Watoto wanajifunza mchepuko wa nuru kwa kuchora. Sasa unaniletea mdoli wa bei ya nyumba?

Tena nilikuwa na picha mbaya kichwani, ya roboti anayesimama mahali pangu. Picha hiyo haikutoka hewani. Mwaka 2009 Profesa Hiroshi Kobayashi wa Chuo Kikuu cha Sayansi cha Tokyo aliweka mbele ya watoto wa shule roboti aitwaye Saya, mwenye uso wa mwanamke uliotengenezwa kwa mpira. Saya aliweza kuita majina ya mahudhurio na kuwaambia watoto wanyamaze. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu: katika kazi zote za mwalimu, walianza na zile mbili ambazo kiranja wangu anazifanya bila umeme. Mwaka uliofuata Korea Kusini wakapeleka roboti za kufundisha Kiingereza katika shule za mji wa Daegu. Zilikuwa na skrini mahali pa uso, na nyuma ya uso ule aliyekuwa akiongea ni mwalimu wa kweli aliyeketi Ufilipino. Yaani mwalimu hakuondolewa, alihamishwa nchi akafichwa.

Sitaki kuwa mtu wa kubeza tu. Tony Belpaeme na wenzake walipitia tafiti nyingi za roboti za kufundishia, wakaandika mwaka 2018 katika jarida la Science Robotics, na jambo moja walilolikuta linaniingia akilini: roboti yenye mwili, iliyopo chumbani, inafundisha vizuri kuliko sura ileile ikiwa kwenye skrini. Katika kazi finyu inaweza hata kumkaribia mwalimu anayefundisha mtoto mmoja. Kazi finyu, kama kujizoeza msamiati au hesabu za aina moja. Darasa la hamsini, lenye mmoja aliyekuja bila kula na mwingine aliyetoka msibani jana, si kazi finyu.

Kuna kitu nilikiona siku ile ambacho kiliniuma, nacho ni Kiingereza. Watoto wetu wanasoma sayansi kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, halafu wanavuka kuja kwetu na kila kitu kinabadilishwa jina. Kani si kani tena, msuguano si msuguano. Mtoto anayejua kwa nini panga jembamba linakata kuliko nene ananyamaza kwa sababu hana sentensi. Nikimuuliza swali anatazama meza. Lakini yule roboti alipoketi na kijana wa chuo akasema, "Muulizeni chochote," mikono ikapanda. Walimuuliza kwa Kiingereza cha kuokoteza, cha kuvunjika katikati, na roboti hakuelewa nusu yake. Darasa lina mwangwi, mabati yanagonga kwa upepo. Naye kila asipoelewa aliomba arudiwe. Binti mmoja ambaye sijamsikia tangu Kidato cha Kwanza alirudia swali lake mara nne, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, mara ya nne akageukia wenzake: "Hasikii huyu!" Yeye hakuona aibu. Aliyeshindwa ni mwenzake.

Nimeshalala na hilo usiku kadhaa. Miaka kumi na moja ya kufundisha, na mtoto anamwogopa mtu anayemjua kuliko mashine isiyomjua.

Kiswahili roboti hakujua kabisa. Walipomwamkia "kamwene", salamu ya huku kwetu, alikaa kimya na macho yake ya bluu. Kijana wa chuo akamwita mvulana wa mbele, akamrekodi kwa simu, akaiingiza sauti ile kwenye kompyuta. Programu yenyewe ilikuwa visanduku vinavyounganishwa kwa mistari: kisanduku cha kusikia, kisanduku cha kusema, kisanduku cha kupunga mkono. Dakika tano baadaye roboti akajibu "kamwene" kwa sauti ya mvulana wa Mufindi mwenye mafua. Darasa likapasuka kwa kicheko. Hapo ndipo swali la kwanza la kihandisi lilipotoka, kutoka dawati la nyuma: "Kwa hiyo hajui anachosema?"

Siku ya pili walipanga kumchezesha muziki. Niliomba kipindi kimoja kabla ya muziki.

Niliwasimamisha wote kando ya ukuta, kwa zamu za kumi kumi. Bega la kulia liguse ukuta, pembeni ya mguu wa kulia paguse ukuta. Sasa inua mguu wa kushoto, ukae hivyo. Msomaji, kama uko nyumbani, simama ujaribu. Utaanguka, au utaurudisha mguu chini haraka kama umekanyaga kaa la moto. Kelele zilikuwa za mnadani. "Mwalimu, ukuta unatusukuma!" Wengine wakadhani nimewachezea, wakahamia ukuta wa upande wa pili, nao ukawasukuma.

Aliyefumbua ni binti anayeteka maji kisimani kila asubuhi kabla ya kuja shule. Alijibu kwa Kiswahili na sikumkatiza. "Ukiwa na ndoo kichwani, kabla hujainua mguu, kiuno kinahama kwanza, kinakwenda upande wa mguu unaobaki. Kisipohama, maji yanakuogesha. Hapa ukuta umekataa kiuno kisihame." Nikachukua chaki nikachora mtu, kitovu chake cha uzito, na mstari unaoshuka wima hadi kati ya nyayo. Nikachora na ukuta. Sikuwa na la kuongeza, na kwa kweli sijawahi kusikia jambo lile likielezwa vizuri zaidi, chuoni nilikosoma wala kwenye kitabu.

Tukarudi kwa roboti. Niliomba atembezwe polepole iwezekanavyo. Watoto wakalala kifudifudi kwenye sakafu ya baridi, pua zimekaribia nyayo zake. Wakaona: kabla ya kila hatua, mwili unainama kidogo kuelekea mguu unaobaki. "Anahamisha kiuno!" Wakaona na magoti, ambayo hayanyooki hata mara moja. "Anatembea kama babu aliyebeba kuni." Kijana wa chuo akaeleza kwamba chini ya nyayo kuna sensa, yaani vihisio, zinazopima mgandamizo, na kifuani kuna sensa ya kuhisi mwinamo, ya ukoo mmoja na ile inayogeuza picha unapolaza simu. Na ikihisi inaanguka, inatanguliza mikono na kulegeza viungo, ili gia zisivunjike.

Baada ya robo saa ya kutembea, mmoja akagusa mguu na kuurudisha mkono. "Ana homa!" Mota za miguu zilikuwa zimechemka. Walimkalisha apumzike, na wawili watatu, nadhani kwa ajili ya baridi tu, wakaendelea kumshika goti.

Mwisho wa kipindi niliwapa karatasi waandike kwa nini jana ilitokea vile. Nyingi zilikuwa za kawaida. Moja iliandikwa hivi, nanukuu kwa ruhusa ya mwenyewe: "Haikuanguka kwa sababu ni mbovu. Ilianguka kwa sababu uzito ulitoka nje ya wayo kabla mguu mwingine haujafika. Ufa ulichelewesha mguu." Niliisoma mara mbili. Jana mwandishi huyo alikuwa wa kwanza kusema pole. Leo kaandika "i".

Hapo ndipo nilipogeuka. Sikugeuka kwa sababu roboti ilifundisha, haikufundisha kitu. Niligeuka kwa sababu ilianguka mbele ya watu wenye miguu. Ingekuwa gari dogo la magurudumu, lile la kawaida kwenye vifaa vya roboti za shule, lingekwama kwenye ufa na tungelisogeza kwa kidole. Umbo la mtu linamlazimisha mtoto ajipime mwenyewe: mimi mbona sianguki? Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, alilijua jambo hili zamani. Mwaka 1967 yeye na wenzake huko Marekani walitunga lugha ya kompyuta ya watoto iitwayo Logo, na baadaye wakaipa kasa wa kuendesha, roboti ndogo inayotambaa sakafuni ikichora mistari. Mtoto akikwama, aliambiwa ajifanye kasa: tembea wewe, pinda wewe, kisha andika ulichofanya. Kasa alihitaji mtoto ajishushe hadi chini. Roboti wa umbo la mtu anamkuta mtoto alipo, kwenye kiwiko chake.

Wageni walipoondoka nilichora ubaoni roboti aitwaye NAO, ambaye huenda ndiye roboti wa umbo la mtu aliyeingia madarasa mengi kuliko wote duniani. Amezaliwa Ufaransa, katika kampuni ya Aldebaran iliyoanzishwa mwaka 2005. Sentimita 58, kilo tano na nusu, betri ya saa moja hadi moja na nusu. Viungo 25 vinavyojiendesha, na niliwaambia wavihesabu katika miili yao: shingo 2, kila mkono 6, kila mguu 5. Wakajumlisha, 24. Wakarudia, 24. Kiungo cha 25 kipo kiunoni: mota moja inayoendesha nyonga zote mbili kwa pamoja. Maana yake hawezi kugeuza paja moja kwenda nje na kuliacha lingine. Nilitazama watu hamsini wakisimama na kujaribu kugeuza paja moja tu, wakitazamana kama wamegundua wana mali wasiyoijua. Na vidole vyake vitatu vya kila kiganja vinafumbwa na mota moja, kwa kuvutwa, kama kamba inavyovuta mdomo wa mfuko.

Bei yake ni maelfu ya dola, basi nikafuta ubao.

Lakini bei si jambo lililonitisha zaidi. Mwaka 2025 kampuni ile ilifilisika, mahakama ya Paris ikaamua ivunjwe, na mali zake zikaenda kwa kampuni ya China. Pepper, ndugu mkubwa wa NAO mwenye kimo cha mita 1.2, uzalishaji wake ulikuwa umeshasimamishwa tangu 2020. Fikiria shule imechanga miaka mitatu ikanunua kimoja, halafu goti likafa. Huku Mufindi tunajua maana ya mashine isiyo na spea. Nusu ya wanafunzi wangu wazazi wao wanaishi kwa mbao, wamekulia karibu na mashine za dingdong zinazochana magogo porini, na wanajua kabla ya kujua kusoma kwamba mkanda ukilegea msumeno unakwama, na kwamba mashine nzuri ni ile ambayo fundi wa Mafinga anaweza kuifungua. Roboti ya shule ningeipima kwa kipimo hichohicho. Isiyofunguka ni televisheni yenye miguu.

Kwa hiyo tukaanza na mkono. Mmoja tu, wa kulia, kuanzia kiwiko.

Wazo la vidole si letu. Gaël Langevin, mchongaji wa Ufaransa, mwaka 2012 alianza kutoa bure michoro ya mkono wa roboti wa kuchapishwa kwa printa ya plastiki, akaendelea hadi mwili mzima, na watu duniani wanautengeneza wakiuita InMoov. Vidole vyake vinavutwa kwa nyuzi, kama vyetu vinavyovutwa na kano kutoka kwenye kigasha. Printa hatuna. Tuna mirija ya juisi, uzi wa kushonea viatu, na mianzi. Mrija unaukata nusu unene mahali pa kila kifundo, unapitisha uzi ndani, unaufunga kwenye ncha. Ukivuta, kidole kinakunja ngumi. Jumamosi moja watoto walitengeneza vidole arobaini, na vingine vilikuwa vizuri kiasi cha kutisha.

Ubao wa Arduino, kompyuta ndogo ya kuendeshea vitu, na mota ndogo za servo nilizifuata kwa oda kutoka Dar, zikaja kwenye buti la basi zimefungwa na kiroba. Hii Arduino ilibuniwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu wasio mafundi wa umeme, na ndiyo maana hata mwalimu wa fizikia wa kijijini anaiweza. Servo yenyewe ni ajabu ndogo, gramu 9. Ndani mna mota, gia za plastiki, na kikinzani cha umeme kinachozunguka nayo, kinachoiambia imefika wapi. Unaipelekea mapigo ya umeme 50 kwa sekunde. Pigo la milisekunde moja na nusu maana yake kaa katikati, likirefuka inakwenda upande huu, likifupika upande ule.

Kigasha tulikichonga kwa mwanzi wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, aliotupa babu wa mwanafunzi mmoja, mwanzi mzee uliokwisha kukauka, pamoja na maelekezo marefu ambayo hayakuhusu roboti. Tukafunga kila kitu. Mkono ukagoma. Servo ililia nyiii, ikatetemeka, mwanzi haukupanda hata sentimita.

Hapo nikawaambia hakuna kununua kitu, hakuna kugusa kitu, lete mizani ya sokoni. Mwanzi, gramu 150, urefu sentimita 24, kwa hiyo uzito wake unakaa sentimita 12 kutoka kiwiko. Kiganja cha mirija na gundi, gramu 30, huko mwisho kabisa. 150 mara 12 ni 1,800. 30 mara 24 ni 720. Jumla 2,520. Karatasi ya servo inasema kwa volti 4.8 inabeba kilo 1.8 kwa umbali wa sentimita moja, yaani 1,800. Kanuni hii ya momenti, uzito mara umbali, wameikariri zamani, ipo kwenye madaftari yao, imepigwa mstari kwa kalamu nyekundu. Sijawahi kuona ikimkasirisha mtu. Siku hiyo iliwakasirisha. "Kwa hiyo mwanzi peke yake umemaliza nguvu zote?" Ndiyo. Mwanzi wa ulanzi una kuta nene, uliumbwa kwa kazi nyingine.

Mmoja akashauri mwanzi ufupishwe. Wakamkatalia, mkono utakuwa wa mtoto. Mwingine, ambaye baba yake anapasua mbao, akauchukua bila kuomba ruhusa, akaupasua katikati kwa urefu. Gramu 75. 75 mara 12 ni 900, jumlisha 720, jumla 1,620. Chenji 180. Mkono ukapanda.

Ukapanda mara tatu, mara ya nne Arduino ikazima na kujiwasha upya. Tukahangaika siku mbili. Kumbe servo inapoanza kunyanyua inanyonya umeme mwingi ghafla, volti zinashuka, na ubao unaoshiriki umeme huohuo unazirai. Tukaipa servo chaja yake ya simu. Mkono ukaanza kurukaruka wenyewe kama wenye degedege, maana tulisahau kuunganisha nyaya za hasi za pande mbili, na servo haikuwa na mahali pa kupimia pigo. Aliyeliona hilo ni yuleyule wa "Hasikii huyu". Alisema ni kama watu wawili wanaopimana urefu, kila mmoja amesimama kwenye ngazi yake.

Halafu gia zikaisha meno. Servo ya kwanza, ya pili. Hesabu ilikuwa sahihi kwa mkono uliotulia, lakini mkono unaoanza na kusimama kwa kishindo unadai zaidi. Dawa ikatoka kwenye manati: vipande viwili vya tyubu ya baiskeli, vimefungwa kutoka juu ya kiwiko hadi katikati ya kigasha, mahali pa msuli unaokunja mkono. Mpira unabeba sehemu ya uzito, servo inamalizia. Ukikaza mno mkono haushuki. Walitumia wiki nzima kutafuta mkazo, na wiki hiyo mahudhurio ya Jumamosi yalinishinda kuyahesabu. Walikuja hadi wa Kidato cha Kwanza kusimama dirishani.

Mwanafunzi mmoja, baba yake dereva wa malori ya Kongo, alituletea kwenye simu video ya roboti za barabarani za Kinshasa. Zilianza kuwekwa mwaka 2013: masanamu marefu ya alumini, umeme wa jua, yanageuka kifua na kuinua mkono kusimamisha magari, kazi ya mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake. Hakuna aliyeuliza zinatoka wapi. Waliuliza mkono una uzito gani na bega lina mota ya aina gani. Nikajua basi tumefika mahali.

Bado sijui nifanye nini na mtihani. Hauulizi tyubu ya baiskeli, na mimi napimwa kwa mtihani. Wapo wazazi walionijia, kwa heshima lakini bila kuzunguka, kuuliza Jumamosi zile zinaongeza alama ngapi. Mzee mmoja alisikiliza maelezo yangu yote, akautazama ule mkono ukipanda na kushuka, akasema, "Mwalimu, na wa kushoto lini?" Sikupata kujua kama alikuwa ananitania.

Tuna daftari la kazi, kila anayeshika zamu anaandika. Servo za gia za chuma ziko njiani, basi lilikwama kwenye mlima wa Kitonga jana. Ukurasa wa mwisho, mwandiko wa binti wa ndoo: "Jumamosi. Tumekaza mpira wa kushoto nusu sentimita. Alinyanyua kikombe cha chai mara 11. Mara ya 12 amechoka. Gia ya pili imeisha meno matatu." Daftari lilipita ofisini, na mwalimu wa Kiswahili hawezi kuona maandishi bila kutoa kalamu nyekundu. Ameweka koma mbili. Pale penye "amechoka" kuna nukta ndogo ya wino, kama kalamu ilitua hapo ikakaa, halafu ikaendelea na mstari unaofuata.